Kiangazi Hakikuingia Kwenye Jedwali

Shule yetu huku Kianda ina kompyuta moja tu inayowaka. Ukiiwasha inakuonyesha kilima cha kijani na anga la bluu, na tukicheka mwalimu wa kompyuta anatuambia tuiheshimu, imetuzidi umri. Programu yake ya majedwali ni ya zamani kama yenyewe. Lakini ndiyo anayosahihishia, kwa hivyo mradi wako wa Form Four usipofunguka hapo, huna mradi.

Mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali darasani, sauti inapotea. Ile alama ya mradi niliitaka kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo ningepata bila kusimama mbele ya watu.

Nilichagua maji. Tunakaa mtaa wa Soweto East, na kila asubuhi kabla ya shule nilipitia mifereji ya jirani nikiandika kwenye kipande cha karatasi ni upi umetoa maji na upi umekauka. Kila Jumamosi nilienda Kawangware, kwa saiba, duka la kompyuta za kukodi, anakofanya kazi auntie, mdogo wa mama, akiniachia mashine ya kona. Za huko ni mpya. Nikishaingiza ya wiki, karatasi nampa mama awashie jiko.

Mifereji niliiorodhesha kushuka, siku nikazipanga kwenda kulia, vile rejista ya darasa inavyokaa. Sikuwahi kuona kitu cha kila siku kikiandikwa vingine. Nilianza na mvua za Aprili. Kufikia kiangazi cha Januari na Februari, mifereji ilipokauka tukawa tunafuata maji hadi mtaa wa Kambi Muru, siku zangu zilikuwa zimeenda mbali huko kulia.

Jumamosi ya mwisho ilibidi nihifadhi faili kwa mtindo wa zamani ili mashine ya shule iweze kuifungua. Likatokea onyo refu la Kiingereza, kwamba kuna vitu havitaingia. Auntie alikuwa anamchapia mtu barua ya kazi, na nyuma yangu jamaa anangoja kiti, anapumua kwa nguvu. Ningeweza kumwita auntie tu anisomee. Nilidhani zitakazopotea ni rangi. Nikabonyeza ndiyo. Halafu nikafuta faili ya kwanza kwenye flashi, maana mwalimu alishatukataza kumletea faili mbili, mashine yake inaganda.

Jumatatu mwalimu alilifungua jedwali langu, wenzangu wakiwa kwenye foleni. Likafunguka. Nilifurahi kidogo. Halafu akasogeza kulia, na siku zikaisha katikati ya Desemba, kwenye safu inayoitwa IV. Akabonyeza mshale tena. Hakukuwa na kwingine kwa kwenda. Akanieleza kwamba programu hii upande wa kulia ina safu 256 tu, mwisho wake ni hapo. Ningepanga siku kushuka, zote zingeingia na nafasi ibaki. Akanipa mpaka kesho.

Nilikimbia Kawangware. Auntie alitafuta kwa ile mashine ya kona, lakini za saiba zikizimwa zinafuta kila kitu, ziamke safi. Alinishika bega tu.

Deskmate wangu, tunayekaa naye dawati moja, aliniambia nisijisumbue. “Jaza za kutoka kichwani bana, nani atahesabu mfereji?”

Nilijaribu. Nilikumbuka kiangazi, ile kiu na zile foleni, lakini ni mfereji upi ulitoa Jumanne ipi sikukumbuka. Nikaacha vile.

Kesho yake mwalimu alisoma maelezo yangu, niliyoandika kwamba mifereji mingi hukauka mwanzo wa mwaka, kisha akaangalia jedwali. Huko kila mfereji ulikuwa unatoa maji karibu kila siku.

“Maelezo yanasema kiangazi, jedwali linasema mvua. Sasa niambie, hizi siku zingine ulienda ama hukuenda?”

Nilienda. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Foleni yote ilikuwa inaniangalia.

“Basi nitasahihisha ninachoona,” akasema, si kwa ubaya. Akaandika alama kwa kalamu nyekundu na kumwita anayefuata.

Nyumbani mama aliniuliza kama nimekabidhi, nikasema ndiyo. Akaniambia niwashe jiko. Nikatafuta pale kwenye ndoo tunapoweka karatasi. Zilikuwa zimeisha.