Kiingereza cha Jukwaa la Pili

Huko Pweto, Pierrette Banza alikuwa muuguzi. Alizalisha koo nzima-nzima, akashona vidole vya wavuvi, na siku moja alimtimua kamanda mzima aliyeingia wodini na buti za matope. Halafu vita ikaja bila kubisha hodi. Akavuka mpaka, diploma ameifunga kiunoni ndani ya kitenge, na Zambia haikumnyima kitu: huko Mantapala, kambi ya wakimbizi, ilimpa turubai, shamba la mihogo, na cheo. Cheo chenyewe ni mkalimani.

Maana diploma yake iliandikwa kwa Kifaransa, na malaria ya Zambia, inavyoelekea, haisikii Kifaransa. Ili ashike sindano tena, ofisi ya kusajili wauguzi ya Lusaka ilitaka afaulu mtihani wa Kiingereza, tena amalize mwaka mzima wa mazoezi akisimamiwa na muuguzi aliyesajiliwa. Bila msimamizi haruhusiwi kugusa mgonjwa. Akae, asikie, atafsiri. Mwenzake Zéphirin, naye muuguzi aliyegeuzwa mkalimani, aliwahi kumpoza mtoto homa kwa sindano moja tu. Mtoto alipona, Zéphirin akafutwa kazi, sasa anachoma mkaa. Kwa kazi hiyo ya ukalimani Pierrette alilipwa fulana. Mradi mpya ukija, fulana mpya.

Muuguzi aliyesajiliwa kwenye kituo kidogo cha afya cha kambi alikuwa mmoja tu, Sista Chola, binti wa wavuvi wa Mununga. Alifanya kazi ya watu wanne kwa mshahara wa mmoja, na huo wa mmoja uliliwa na mikopo ungali njiani. Wenzake aliosoma nao walikuwa sokoni Nchelenge wakiuza dagaa, vyeti vyao vya uuguzi vimetundikwa ukutani nyumbani, wakingoja ajira ya serikali kama watu wanavyongoja kiyama.

Chola ndiye aliyemsimamia Pierrette mazoezi, na mchana wagonjwa wakipungua alifungua kitabu cha mtihani na kumfundisha Pierrette Kiingereza.

"Treni ya kwenda Birmingham inaondokea jukwaa gani?"

"Jukwaa la pili, bibi."

"Jukwaa la pili, tafadhali. Ba Pierrette, muzungu bila tafadhali hakupi maksi hata moja."

"Shi hapa hata barabara inatushinda, na weye unaniuliza treni!"

"Jibu tu, mayo, mama yangu. Haya, imbwa ya jirani inabweka usiku kucha. Utamwandikia jirani barua gani?"

"Barua? Nitamutupia jiwe."

Chola alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akaiandika ile barua mwenyewe, polepole, ulimi nje, akaisoma na kuisahihisha. Pierrette aliona ni upendo. Alisema hata kanisani: Mungu amenipa mwalimu anayejituma kuliko mwanafunzi. Hakujiuliza kwa nini mwalimu anatokwa jasho kwa barua ya mbwa.

Mwaka wa mazoezi ulipobakiza miezi miwili, Chola alikuja na fungu la samaki wakavu. Aliliweka mezani bila kumtazama mtu.

"Ba Pierrette, nimefaulu."

"Umefaulu nini?"

"Kiingereza. Ninaenda Uingereza. Nitaosha wazee."

"Mais weye unasema Kizungu tangu darasa la kwanza!"

"Wao hawaamini. Na weye Lusaka hawakuamini. Tuko sawa."

"Hatuko sawa! Miye inabakia miezi miwili. Nani atanisimamia?"

"Atakuja mwingine."

"Na ule mwaka?"

"Utaanza upya." Chola alivuta kamasi. "Mayo, nikibaki, weye utapata karatasi yako. Na miye nitapata nini hapa? Fulana?"

Pierrette alitafuta tusi kwa Kibemba, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa cha wodini. Halikuja. Kilichokuja ni Kiingereza, safi, chenye adabu zote za kitabu:

"Treni yako iko jukwaa la pili, bibi. Tafadhali."

Nafasi ya Chola haikuzibwa. Bwana mmoja wa wilaya alikuja, akachukua ufunguo wa kabati la dawa kwa usalama, akamwambia Pierrette asiondoke: wakimbizi wana haki ya mkalimani.

Akabaki. Asubuhi moja Aurélie, jirani yake wa shambani, aliingia na mwanawe Sagesse begani.

"Mama Pierrette, mutoto anawaka moto tangu jana. Umuguse, basi. Weye uko infirmière, muuguzi kabisa, bote tunajua."

Mkono wa Pierrette ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye paji la mtoto. Akaurudisha, akaukalia.

Akageukia kiti kitupu cha Sista. "Mama huyu anasema mtoto wake ana homa kali," alikiambia kwa Kiingereza. "Tafadhali."

Wote watatu walikitazama kiti.

"Banasema nini?" Aurélie akauliza.

"Banasema umupeleke kwa kituo cha Kafutuma."

"Kwa miguu? Na hili jua?"

Pierrette hakutafsiri. Aurélie alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akatoka. Nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama mwingine, anakohoa.

"Karibu," alisema Pierrette. "Uko na nini?"