Jaketi la Mama

Kila ninaposikia harufu ya mpira mpya dukani, narudi sebuleni kwetu ughaibuni, Apple Valley, theluji imejaa dirishani, baba ametandaza ramani ya jangwa juu ya zulia. Tulikuwa tunapanga safari fupi ya boti la mpira, kupita mtoni kati ya kuta nyekundu za korongo. Mama ndiye aliyeichagua, baada ya daktari kumwambia kuwa dawa zimeshindwa.

Baba alikuwa amenunua majaketi ya kujiokolea, tukayajaribu. Langu lilinibana. Mama alikaza mikanda ya lake hadi mwisho, lakini bado lilimpwaya.

"Nitalirudisha, nikuletee dogo," baba alisema.

"Hili ni la mtoto, mume wangu."

Nikauliza, kwa Kiingereza, kama bado tutaenda. Baba alipiga magoti mbele ya mama, akaivuta tena ile mikanda, akavuta na kuvuta, mpaka mama akamshika mikono.

"Basi," alisema. "Inatosha."

Tulimzika theluji ikiwa bado haijayeyuka. Siku ambayo tungekuwa mtoni, baba alikwenda kazini, nami nikashinda nyumbani peke yangu.