Joto Lilikuwa Sawasawa

Mtaani hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Joto, basi. Hata yule afisa wa umeme aliyekuja na fomu za maoni alielekezwa hivyo hivyo: "Fuata ukuta ule. Ukisikia mwanamke anauliza joto ngapi, umefika."

Alimkuta amepiga magoti mbele ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga, kabati la mbao lenye kioo mlangoni, na ndani balbu nne na trei za mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango nyuma yako, baridi haina adabu."

Afisa akaeleza shida yake. Kile kituo cha zamani kinachofua umeme kwa dizeli kilikuwa kinazimwa, mashine moja baada ya nyingine, na badala yake limekuja shamba la sola kule nje ya mji. Wakubwa walitaka maoni ya wakazi. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: jua, mafuta.

"Weka alama kwenye kimoja tu, mama."

Mama Joto alifuta mikono kwenye upindo wa gauni. "Umewahi kumwona kuku anayelalia mayai?"

"Nimemwona."

"Huinuka?"

"Huinuka akale."

"Hukaa nje muda gani?"

Afisa akacheka. "Sijampimia."

"Mimi nimempimia. Robo saa, akizidi sana dakika ishirini. Anajua yai linaanza kupoa lini. Sasa hilo jua lenu jioni linainuka, na siku ya mawingu halirudi kabisa. Silikatai, mwanangu. Paneli si ile juu ya bati langu? Lakini likiinuka, nani analalia? Yai haliulizi joto limetoka mbinguni au limetoka kwenye pipa."

"Kwa hiyo nikuandikie wapi?"

"Niandikie katikati."

"Katikati hakuna kisanduku, mama."

"Mwandikie mafuta!" Sauti ilitoka chumba cha pili, ikafuatiwa na kikohozi kirefu. Huyo alikuwa mumewe, ambaye watu walimwita Baba Dizeli. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi pale kituoni. Mashine yake ndiyo iliyozimwa ya kwanza, naye akarudi nyumbani na viatu vya kazi, kifua kibovu, na jenereta ndogo ya petroli. "Kitu kisichonguruma hakifanyi kazi! Hiyo sola yake ni kama shemeji yangu: mchana ameshiba anaringa, jioni ukimwita hayupo."

"Na mashine zako ni kama wewe," mkewe akajibu bila kugeuka. "Kelele nyumba nzima, moshi mpaka kwenye shuka, na bila kunyweshwa haziamki."

Afisa alitoka anacheka, fomu yake haina alama. Lakini mlango ulipofungwa Mama Joto hakuwa anacheka tena, kwa sababu mayai yaliyokuwa kwenye kabati hayakuwa mayai ya kawaida.

Kideri kilikuwa kimepita. Ugonjwa ule uliingia banda kwa banda, na katika wiki mbili karibu mtaa mzima ukawa hauna jogoo wa kuwika. Kuku waliosalia ni tisa wa Bibi wa Kona na jogoo wake mmoja, kwa kuwa bibi aliwafungia jikoni akalala nao. Kina mama wakapatana: kila yai litakalotagwa pale haliliwi, linakwenda kwa Mama Joto, na kila nyumba ipate mbegu. Kila yai likaandikwa kwa penseli alama ya mwenyewe. Nyumba hii msalaba, ile duara, nyingine nyota. Mama Joto alichora kijiko kwenye manne ya kwake. Yote yalikuwa hamsini na nane. Siku tano baada ya kuingia kwenye mashine, kideri kikaingia na jikoni kwa bibi. Akabaki kuku mmoja aliyepinda shingo, anazunguka mahali pamoja kama aliyepoteza sindano.

Kwa hiyo yale hamsini na nane ndiyo yaliyokuwa kuku wote wa mtaa. Wanawake walipita kila siku kuchungulia kwenye kioo. "Wa kwangu wazima?" "Wazima." "Wamekusalimia?" "Wamesema umepungua."

Siku ya kumi na nane tangu mayai yaingie mashineni, mvua ilianza. Siku ya kumi na tisa umeme ukakatika. Habari zikaja kwamba shamba la sola liko chini ya mawingu, na ile mashine moja ya dizeli iliyobaki inalisha hospitali tu. Mama Joto alitegemea betri yake, iliyokuwa inashiba kwa paneli. Siku ya ishirini asubuhi balbu zikafifia, zikawa nyekundu kama macho ya mgonjwa, zikazimika.

Alijaza maji ya moto kwenye chupa akazipanga kati ya trei. Kipimajoto kikasoma thelathini na sita. Baadaye thelathini na tano. Akachukua yai moja akaliweka sikioni. Ndani mlikuwa na sauti, nyembamba kama uzi. Wengine walikuwa wameshaanza kudonoa ganda.

"Leta jenereta," alimwambia mumewe.

Baba Dizeli hakumcheka. Alikuwa ameingoja saa hiyo muda mrefu, lakini alivyoona uso wa mkewe alikwenda kuileta. Aliiweka barazani, mbali na dirisha, akavuta kamba mara tatu, ikanguruma. Balbu zikawaka. Thelathini na sita. Thelathini na saba.

"Petroli ya saa mbili na nusu tu," alisema.

"Nakwenda na dumu. Usiisogeze hapo."

Foleni ya petroli ilikuwa ndefu, kila mtu na dumu lake, kila mtu na shida yake. Alikaa saa mbili kasoro. Aliporudi, maji yanamtiririka mgongoni, alisikia ngurumo tangu njiani, moyo ukatulia. Bado inafanya kazi! Akafika getini. Hapo ndipo alipogundua kwamba baraza ni tupu. Ngurumo ilikuwa inatoka ndani.

Upepo ulikuwa umegeuka. Mvua ilikuwa inaipiga jenereta, nayo ikaanza kukohoa, kwa hiyo Baba Dizeli akaiburuta mpaka chumba cha mashine ya mayai. Kwanza aliacha mlango wazi. Kisha akaona baridi inaingia na kipimajoto kinateremka, akafunga. Kisha akaziba upenyo wa chini kwa gunia. Mtu mwingine angekabwa koo, angekimbia. Yeye pua yake ilikuwa imekula moshi miaka ishirini na miwili. Kwake ule ulikuwa harufu ya kazi.

Mama Joto alimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kabati, kichwa kimelala begani. Akazima jenereta, akamshika kwapani, akamburuta mpaka nje kwenye mvua. Alimpiga mashavu. Alimwita majina yote, hata lile alilomwita siku za uchumba. Baada ya muda mumewe akatapika, akafumbua macho.

"Mama watoto," akasema kwa ulimi mzito. "Nimekuzibia upepo. Wametoka wangapi?"

Mama Joto alimwegemeza ukutani. Alirudi ndani akafungua madirisha yote, halafu akasimama mbele ya kioo. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba na nusu. Joto lilikuwa sawasawa, wala halijawahi kuwa sawasawa hivyo. Midomo midogo ilikuwa imechungulia kwenye matundu ya maganda, na hakuna hata mmoja uliotikisika. Kabati lina vitundu vya hewa juu na chini, alivitoboa mwenyewe. Vilikuwa vimevuta kile kilichokuwepo.

Akaweka yai la kwanza sikioni. La pili. La kumi. La arobaini. La hamsini na moja lilikuwa linalia.

Kifaranga yule alitoka kesho yake, jua likiwaka kana kwamba halijui kitu, umeme umerudi. Mama Joto aliokota ganda, akaligeuza. Lilikuwa na kijiko.

Alikaa nalo muda mrefu. Penseli hufutika kwa kidole chenye mate, ni kitu cha dakika. Angeweza hata kuchora duara. Mwisho alilitia ganda mfukoni, kifaranga kifuani, hamsini na saba kwenye ndoo, akaenda kwa Bibi wa Kona akamweleza yote, na la gunia, na la kijiko.

Bibi alitazama ndoo. "Walidonoa?"

"Wengi walidonoa, bibi."

"Basi walitaka kutoka." Akafunika ndoo. "Watu watasema, unajua. Katika hamsini na nane, aliyepona ni wako."

"Waseme. Nimekuletea wewe."

"Mmoja ataanzisha nini, mwanangu?"

Mama Joto akaingiza mkono kifuani. Akamweka kifaranga chini. Yule kuku aliyepinda shingo alizunguka, akakanyaga karibu naye, akazunguka tena. Hakumwona.

Aliporudi nyumbani alisikia nyundo. Baba Dizeli, kichwa kimefungwa kitambaa, alikuwa anatoboa ukuta wa chumba cha mashine, anapiga patasi mara mbili, anakohoa, anapiga tena. Vumbi la tofali lilikuwa limejaa juu ya kabati tupu. Hakugeuka.

"Mashimo mangapi yatatosha?" aliuliza.

Mama Joto alichukua ufagio.

"We toboa tu," alisema.