Kochi la Mwanaisha

Shule sikukaa sana, lakini aibu hii sikufundishwa na mtu, niliipika mwenyewe.

Muda wa mkopo wa nyumba yangu hapa Durban uliisha, nikaiomba benki iuanzishe upya kwa malipo madogo. Niliwaambia ukweli: mimi mjane, naishi peke yangu, nala pensheni ya wazee. Wakasema mtu wao atakuja kuhakikisha. Akiona nimedanganya, nyumba inakwenda.

Kiburi kikanipanda. Mtu wa benki nimkalishe juu ya ndoo, mimi? Nikaazima kochi la jirani yangu Mwanaisha, la kijani, nene kama godoro.

Akaja kijana amevaa tai, akakaa, akalisifu. Nikavimba. Mara mlango ukafunguka bila hodi, akaingia mume wa Mwanaisha na mabuti yake, katoka zamu ya usiku bandarini.

"Shemeji, samahani, nimefuata kochi. Kitandani mgongo unaniuma." Akamgeukia kijana: "Sogea, mwanangu."

Akajinyoosha. Kabla sijafumbua mdomo, anakoroma.

Kijana akasimama, akaniuliza kwa Kizulu, akiniita gogo, yaani bibi: "Gogo, si ulisema unaishi peke yako? Huyu nani?"

Eish! Nikisema mume, ujane umekwisha. Nikisema mpangaji, atauliza kodi. Nikisema jirani, mbona amelala kwangu na mabuti?

"Huyo," nikasema, "amekuja na kochi."