Komeo Golini

Dada yangu wanamwita Komeo, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi. Mchana ni fundi cherehani. Jioni anasimama golini, wanawake wenye mabega kama milango wanamvurumishia mpira wa mikono. Miaka kumi na miwili sasa! Pua imevunjika mara mbili, vidole viwili havipiti pete, na makombe matatu yamejazana juu ya kabati la mama. Mama akiyafuta vumbi analalamika weee, lakini mgeni akija lazima amkalishe mahali atakapoyaona.

Mazoezi yake ya kwanza alifanya na mimi, mtoto wa kike wa miaka tisa. Alisimama mbele ya mlango wa bafu, akaniambia, "Rusha. Na usinionee huruma." Nikarusha mpaka mimi mwenyewe nikawa mchezaji, timu nyingine ikanichukua, na mwaka huu tukakutana fainali. Jamani, maisha yangu yote sijawahi kumfunga yule mtu! Nilitaka bao moja tu.

Dakika za mwisho, tuko sare, tukapata penalti. Nikapewa mimi. Nikarusha kwa pupa, mpira ukaenda moja kwa moja usoni kwake. Paa! Na sheria ya penalti haina mzaha: ukimpiga golikipa kichwani naye ametulia, unatolewa kwa kadi nyekundu. Refa akatia mkono mfukoni.

"Refa, nilisogeza kichwa," dada akasema, damu inamchuruzika puani.

Uongo mtupu! Yule hasogezi kichwa hata apigwe na radi. Refa akamtazama, akautoa mkono mtupu. Mimi huku moyo umenijaa, nimeona kweli nina dada.

Zikabaki sekunde chache, tukapata penalti nyingine. Safari hii niliachia kombora la chini, pembeni kabisa. Komeo akatupa mguu, mpira ukagonga ugoko wake ukatoka nje. Kipenga cha mwisho kikalia, tukaenda penalti za kuamua, na huko nako akatuzuia zote. Kombe la nne.

Nikamfuata nalia. "Sasa uliniokoa ya nini?"

"Nani kakuokoa?" Alikuwa anajaza pamba puani. "Ungetoka kwa kadi, ungetuchosha mpaka uzeeni kwamba siku ile ungenifunga. Nilitaka ubaki, urushe, ukose."

Mwanamke ana roho mbaya huyu! Nikamkumbatia hivyo hivyo, mbele ya watu wote. Timu yangu hawakunisemesha wiki nzima.