Kisan, Mleta Jua Pangoni

Sitamsifu Kisan Gawali kupita kiasi, maana wa kumsifu ni wengi. Kazi yake hapa Verul, kwenye mapango ya kale ya India, ni kushika kioo. Anasimama nje ya pango, analinasa jua, analirusha ndani, na sanamu zilizokaa gizani zaidi ya miaka elfu zinaonekana. Basi. Mimi ndiye ninayewaeleza wageni nani ni mungu Shiva, nani ni Ravana mfalme wa mashetani, na kwa nini anautikisa mlima. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na wageni wakishaondoka wanamkumbuka yeye.

Tumekua pamoja. Baba yake alikuwa mchunga nyati wa kufugwa, akaumwa na nyoka, akafa Kisan akiwa na miaka tisa. Tangu hapo mama yangu akawa anamwita kula kwetu, mkate wa mtama na pilipili iliyotwangwa na kitunguu saumu, mimi na yeye sahani moja. Shule aliiachia darasa la nne. Kioo chake cha kwanza alipewa na kinyozi, kimepasuka pembeni. Siku hizi anatumia ubao aliougandishia karatasi ya kung'aa. Maneno hana. Ukimuuliza jambo atatafuna tumbaku yake kwanza, kisha atajibu neno moja, na watu watasema huyu ni mtu mwenye busara. Mimi nikinyamaza, wanasema nimenuna.

Mama alikuwa akimwita "mwanangu" mbele yangu bila wasiwasi wowote. Siku ya Divali, sikukuu yetu ya taa, sahani ya vitamu ilikwenda kwa Kisan kabla mimi sijaonja. Siku moja nililalamika, nikasema kelele zote pale mapangoni napiga mimi, sifa anachukua yeye. Mama akacheka.

"Chema chajiuza, Manohar. Kibaya ndicho chajitembeza."

Wivu hauna umri. Kichwa changu kina mvi, lakini roho iliniuma kama ya mtoto.

Mwaka huu macho ya mama yakaanza kuzima. Daktari wa mjini alisema hakuna la kufanya tena, na kabla ya mvua atakuwa haoni kabisa. Mama hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu, kuiona tena harusi ya Parvati iliyochongwa katika pango la Rameshwar, pale Shiva amemshika mkono naye ameinamisha kichwa kwa haya. Yeye na marehemu baba walipelekwa pale walipooana. Nikafurahi, nikaanza kuyapanga maneno yangu mazuri.

"Mwambie Kisan aniletee jua," akasema.

Maneno yangu hakuyataja. Nikamdanganya kwamba Kisan ana homa, kioo nitashika mimi. Kurusha jua kuna ugumu gani?

Alasiri nikamkalisha mbele ya ile sanamu, nikatoka nje na kioo cha kabati letu, nikalielekeza jua lote katikati ya jiwe. Nikamuuliza kama anaona.

"Naona weupe mtupu."

Nikachungulia. Jiwe lilikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa, bibi harusi na bwana harusi wote wamefutika. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, mwisho mwanga ukamchoma mama machoni, akajifunika uso kwa pindo la sari. Miaka ishirini na miwili nimezipa sanamu mgongo, nikiwatazama wageni kama wanafurahi. Sikuwahi hata siku moja kuangalia Kisan analipiga jua wapi. Nalo lilikuwa linashuka.

"Kaniitie Kisan."

"Mama, nimekwambia ana homa."

"Hana homa. Asubuhi kaniletea maziwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda, nikamkuta pango la tatu kutoka pale, nikamweleza yote, hata uongo wangu. Alitema tumbaku, akachukua ubao wake.

Hakuilenga sanamu. Aliulaza mwanga kwenye ukuta wa kando, ukaja juu ya jiwe kwa ubavu, vivuli vikaingia chini ya mashavu na kati ya vidole. Parvati akatokeza, mkono wake umo mkononi mwa mumewe. Mama alitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini hakusema nasi.

"Inatosha, mwanangu," akamwambia Kisan. "Sasa ugeuzie huku."

"Wapi, mama?"

"Kwa Manohar. Nimwone."

Mwanga ukanijia shavuni, wa kulegea, hauumizi. Mama akanitazama kuanzia paji la uso hadi kidevu, polepole, kisha akaanza upya. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpokonya Kisan ule ubao, maana hata ili mama yangu anione, nilimhitaji yeye.