Kola Zilizokatwa kwa Barua ya Hospitali

Fundi Kola alipewa jina hilo kwa haki. Kola zake zilikaa wima shingoni, hazikunjiki pembe hata shati lifuliwe mara mia, na watu walivuka mitaa mitatu kumfuata kwenye kibaraza alikoweka cherehani yake. Siri yake ilikuwa karatasi moja nene, ya kulaza juu ya kitambaa na kukatia, iliyoning'inia msumarini miaka kumi na minne. Karatasi hiyo ilikuwa barua ya hospitali.

Aliipata siku alipokwenda kumtolea damu mke wa mdogo wake, aliyekuwa anajifungua kwa upasuaji. Wakampima, wakamrudisha na barua: damu yako ina virusi vya homa ya ini B, fika kliniki ukapimwe zaidi, kisha kila baada ya miezi sita, hata kama hujisikii mgonjwa. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Mgonjwa gani huyo asiyejisikia mgonjwa?

"Damu yangu wameikataa," alitangaza nyumbani. "Nzito mno. Wanaogopa itamzidi nguvu shemeji."

Mkewe akaamini. Mdogo wake, mwashi wa kujenga nyumba za watu, akaamini. Na yeye mwenyewe, baada ya kuisema mara tano, akaamini. Kisha akaipapasa ile barua, akapenda ugumu wake, akailaza chini ya kola ya zamani na kuizungushia mkasi. Jina lake likaenda na vipande vya kutupwa. Katikati ya kola yakabaki maneno manne: hata kama hujisikii mgonjwa.

Wala hakumkumbuka mama yao, aliyekufa tumbo limejaa maji na macho ya njano, na ukoo mzima, watu wazima na akili zao, wakakubaliana kwamba amerogwa na jirani waliyegombania naye mfereji.

Mwaka huu suruali za fundi zikaanza kumpwaya. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye akapunguza kiuno. Baada ya mwezi akapunguza tena, akilaumu kitambaa kwamba kinavutika.

"Baba watoto," mkewe akamuuliza, "mbona vya wateja havivutiki?"

Halafu tumbo likaanza kutoka, suruali zilezile zikakataa kufunga. Fundi akafumua mishono aliyopunguza, akajisifu kwamba amenenepa. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa, lakini mabega hayakuwa kwenye suruali.

Ni mkewe aliyemburuta hospitali, macho yalipogeuka rangi. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yake, aliitazama picha ya ini muda mrefu.

"Baba, ini hujawahi kulipima?"

"Sijawahi kuumwa."

"Ndivyo virusi hivi vilivyo. Vinaweza kukaa kwenye ini miaka mingi, kimya. Ini linajeruhiwa, linapona, linajeruhiwa tena, mpaka linajaa makovu. Kwako saratani imeota humo."

Fundi alimwelewa kuliko daktari alivyodhani. Kitambaa ukikifumua na kukishona mahali palepale mwaka hadi mwaka, anajua kinakuwaje.

"Ningekuja mapema?"

"Dawa za kuvidhibiti zipo. Na tungekuwa tunakuangalia, huenda uvimbe tungeuona ukiwa mdogo, tukaukata. Huu umeshaenea." Akaiweka picha mezani. "Mara nyingi mtu huvipata kwa mama, siku ya kuzaliwa. Una ndugu wa tumbo moja?"

Hapo ndipo Fundi Kola alipoogopa kwelikweli. Kufa kwake alishakuona. Mke na watoto walipimwa wiki hiyohiyo, wakakutwa salama, wakaanza kuchanjwa. Alibaki mwashi, aliyekuwa anabeba saruji mifuko miwili kwa mpigo na kupenda kutazamwa akiibeba.

"Nipimwe nini, kaka?" mwashi akacheka alipoitwa kibarazani. "Mimi mzima, si unaniona?"

Fundi aliona haya. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, hata kicheko kilikuwa chake. Akaitungua karatasi msumarini, akamkabidhi.

"Soma."

"Hata kama hujisikii mgonjwa," mwashi akasoma. "Si ya kukatia kola hii?"

"Ni barua yangu. Niliandikiwa siku ile ya damu. Damu haikuwa nzito, mdogo wangu. Nilidanganya. Na shati ulilovaa nimelikata kwa hiyohiyo."

Mwashi akajishika kola. Kicheko kikamkauka.

"Basi, wiki ijayo nitakwenda."

Fundi akamzungushia futi shingoni, kama anayempima, lakini hakuilegeza. Mikono ilikuwa miembamba na bado ilikaza.

"Leo."

Wakaenda, mwashi akimshika mkono mgonjwa, kila wanayekutana naye akidhani mzima anamsindikiza mgonjwa. Majibu yalipotoka, virusi alikuwa navyo vilevile. Ini lake lilikuwa bado laini, halina kovu wala uvimbe. Akapewa barua ya kurudi kliniki baada ya miezi sita.

Fundi akaiomba. Akaipapasa kwa vidole viwili, kama afanyavyo kwa kila kitu kinachopita mikononi mwake.

"Karatasi nzuri," akasema, akamrudishia. "Usimpe fundi yeyote."